Choo Kinachotiririka Usiku Kucha: Historia ya Boya, Mpira wa Chini na Maji Yetu

Safari hii naomba tuache kidogo viuatilifu na bei ya mbaazi, tuingie chooni. Usicheke. Maji yanayopotea chooni ni maji yaleyale unayoyataka kwenye bustani ya mchicha, kwenye banda la kuku na kwenye mgahawa wako. Na mimi ninayeandika haya nilijifunza kwa aibu.

Mwaka juzi kijiji nilichopangiwa kilikuwa na mradi mdogo wa maji: kisima kirefu, pampu ya sola, na tangi la lita 5,000 juu ya mnara. Jua likizama pampu inalala, kwa hiyo maji ya alfajiri ni yale yaliyobaki jana yake. Jioni tangi lilikuwa linabaki na lita 1,000 hivi. Lakini saa 12 asubuhi, jirani yangu mama muuza maandazi akifika kituoni na ndoo zake, bomba linakohoa tu. Siku ya kwanza watu walinung'unika. Wiki ya pili walianza kumnyooshea kidole kijana anayelinda pampu, kwamba anauza maji usiku kwa watu wa matofali. Kikao kikaitishwa ili aondolewe.

Siku mbili kabla ya kikao, yule mama alinisimamisha njiani. "Bwana shamba, wewe ndiye unayetufundisha umwagiliaji wa matone. Hebu tuambie, maji yetu yanakwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nilisoma mita ya nyumba yangu saa 3, nikajizuia kugusa bomba wala choo mpaka saa 1 asubuhi. Mita ilikuwa imetembea lita 300. Ndani ya nyumba hapakuwa na tone sakafuni. Nilipoinama kwenye sinki la choo nikaona utepe mwembamba wa maji unateremka kimya kimya, kama jasho.

Kikao nitakimalizia mwishoni. Kwanza nataka ujue kwa nini choo cha kuvuta maji huvuja, maana ukijua kilikotoka utajua pa kukishika.

Ndani ya tangi kuna kazi mbili tu

Fungua mfuniko wa tangi la choo. Utaona kuna kazi mbili. Moja ni kuingiza maji na kuyakata yakifika kiwango: hiyo ni kazi ya boya na koki yake. Ya pili ni kuyashikilia maji mpaka utakapovuta au kubonyeza: hiyo ni kazi ya mpira wa chini. Choo kikitiririka bila kukoma, mmoja kati ya hawa wawili hafanyi kazi yake. Kila mmoja ana historia yake.

Boya ni la kale kuliko choo

Boya halikubuniwa kwa ajili ya choo. Zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, katika mji wa Alexandria nchini Misri, aliishi fundi aitwaye Ktesibios, anayetajwa kuwa alitengeneza saa ya maji iliyotumia kitu kinachoelea ili maji yaingie kwa mwendo uleule. Katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad wanaojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu cha mitambo ya werevu, na ndani yake mna vyombo vinavyojifunga vyenyewe maji yakipanda. Mwaka 1206 fundi mwingine, al-Jazari, naye alieleza mitambo mingi ya maji yenye maboya. Na mwaka 1790 padri na mwanasayansi wa Mexico, José Antonio de Alzate, alieleza katika gazeti lake koki inayofungwa na boya, karibu sawa na hii unayoiona leo.

Wewe mfugaji unaijua kazi hii. Birika la kunyweshea ng'ombe lenye boya linafuata akili hiyohiyo: ng'ombe wakinywa, maji yanashuka, boya linashuka nayo, koki inafunguka. Maji yakipanda, boya linapanda na kuikata. Hakuna mtu wa kusimama pale.

Udhaifu wake nao ni wa siku zote. Boya likitoboka na kuingiza maji, haliwezi kupanda. Koki ikipata mchanga, haifungi sawasawa. Mkono ukipinda, maji yanapita kiwango. Kwenye birika la ng'ombe utaona matope yamezagaa, utajua kuna kasoro. Kwenye choo hutaona kitu, na sababu yake nitaieleza.

Pwani yetu: birika, kata na samaki

Kabla hatujaenda mbali, tukumbuke kwamba usafi wa choo si jambo tuliloletewa juzi. Katika magofu ya Gede, karibu na Malindi, zipo nyumba za mawe za karne nyingi zilizopita zenye vyoo na sehemu za kutawadhia. Katika nyumba za kale za Lamu, chumba cha kuogea kilikuwa na birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa. Ndani yake waliweka samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu.

Mtu aliteka maji kwa kata na kumwaga. Birika la namna hiyo halina koki ya kuchakaa wala mpira wa kukauka. Mkono wako ndio koki. Ukiweka kata chini, maji yamekatika. Tumelelewa hivyo kwa vizazi, pwani na bara, hata kwenye choo cha shimo chenye kopo pembeni. Shika jambo hili, tutalirudia.

Mlango wa chini: mafundi wanahangaika miaka 200

Choo cha tangi na mlango kilielezwa Uingereza mwaka 1596 na John Harington, ambaye Malkia Elizabeth wa Kwanza alikuwa mama yake wa ubatizo. Kitabu chake kilikuwa na mchoro wa choo chenye tangi juu, na ndani ya tangi wamechorwa samaki wakiogelea. Samaki wake walikuwa wa picha tu. Wa Lamu walikuwa na kazi.

Choo cha Harington hakikuenea. Miji haikuwa na mabomba ya kutosha kuleta maji wala mifereji ya kuyatoa. Mwaka 1775 fundi saa kutoka Scotland, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda kama herufi S chini yake. Mpindo ule unabakiza maji kidogo yanayozuia harufu kurudi. Mpaka leo kila sinki la choo la kuvuta lina mpindo wa namna hiyo. Lakini chini ya sinki Cumming aliweka pia mlango wa kuteleza, na mlango huo ulikuwa unakwama.

Mwaka 1778 Joseph Bramah, fundi seremala aliyekuja kusifika kwa kutengeneza kufuli ngumu sana, alipata hataza yake. Badala ya mlango wa kuteleza aliweka mlango wa bawaba. Ulikuwa bora zaidi. Hata hivyo, mlango ni mlango. Uchafu ukikaa ukingoni, haufungi. Kinachozibia kikichakaa, maji yanapita. Hata fundi kufuli hakuweza kuyafungia maji moja kwa moja.

London wachoka na upotevu

Mwaka 1851 yalifanyika maonyesho makubwa London. Fundi George Jennings aliweka vyoo vya umma, na watu 827,280 walilipa peni moja kila mmoja kuvitumia. Baada ya hapo kila mwenye uwezo alitaka choo cha kuvuta nyumbani.

Matatizo yalikuwa mawili. La kwanza ni uchafu kuishia mto Thames. Kipindupindu kiliua watu wengi. Mwaka 1854 daktari John Snow alionyesha jinsi wagonjwa wa mtaa mmoja walivyokusanyika kuzunguka pampu moja ya maji. Kiangazi cha 1858 harufu ya mto ilikuwa kali kiasi cha kusumbua hata bunge, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa kazi ya kujenga mifereji mikubwa ya majitaka.

La pili ndilo letu leo: upotevu. Milango ya vyoo ilikuwa inavuja, na wengine waliacha maji yatiririke mfululizo wakidhani ndiyo usafi. Kampuni za maji zilikuwa zinasukuma maji yanayokwenda moja kwa moja mferejini bila kumsaidia mtu. Kanuni zilizotokana na sheria ya maji ya 1871 zikataka choo kiwe na tangi la kuzuia upotevu, na kila mvuto usizidi galoni 2, yaani lita 9 hivi.

Hapo mafundi wakaja na jambo ambalo mkulima ataliona la kawaida. Umewahi kuhamisha maji kutoka kwenye pipa kwa mpira? Unaingiza ncha moja, unavuta kwa mdomo mpaka maji yapande na kupita ukingo, kisha yanashuka yenyewe mpaka ncha ya ndani ikutane na hewa. Tangi jipya lilifanya hivyo. Ndani yake kuna bomba lililopinda ambalo kilele chake kipo juu ya kiwango cha maji. Ukivuta mnyororo, kisahani kinasukuma maji yapande mpindo, nayo yanashuka yote kwa kishindo. Yakiisha, hewa inaingia, mambo yanakatika.

Ona faida yake: chini hakuna mlango. Kama hakuna mlango, hakuna wa kuvuja kupitia mpira wa chini. Likiharibika, choo kinakataa kuvutika, na mwenye nyumba anaita fundi siku hiyohiyo. Thomas Crapper, mfanyabiashara wa vyoo wa London, aliuza matangi ya namna hii kwa sifa hiyo ya kutokuwa na mlango. Wengi husema ndiye aliyebuni choo cha kuvuta. Si kweli, alizaliwa 1836, miaka mingi baada ya Cumming na Bramah. Hata hataza ya 1898 ya tangi aliloliuza ilikuwa ya mtu mwingine, Albert Giblin.

Kinga mbili zilizoondolewa

Sasa tunafika kwenye kiini. Matangi ya zamani ya Uingereza yalikuwa na kinga mbili. Ya kwanza ni hiyo ya bomba lililopinda. Ya pili ilikuwa kwa ajili ya boya. Bomba la maji ya ziada lilipitishwa ukutani likatokeza nje ya nyumba. Boya likishindwa, maji yanadondoka nje, jirani anaona, mpita njia anaona. Mwenye nyumba anakuwa hana pa kujificha mpaka atengeneze.

Nchi nyingine zilichukua njia tofauti. Marekani walipenda mlango wa mpira: kwanza mpira wa duara, baadaye kipande bapa chenye bawaba na mnyororo. Ni rahisi, ni wa bei ndogo, unavutika kwa wepesi. Australia mwaka 1980 kampuni ya Caroma ilileta choo cha vitufe viwili, kimoja cha lita 11 na kingine cha lita 5.5. Jambo jema, maana haja ndogo haihitaji maji mengi. Lakini chini ya vitufe vile kuna mlango wenye mpira.

Uingereza nao waling'ang'ania bomba lililopinda mpaka mwisho wa 2000. Kuanzia Januari 2001 kanuni mpya ziliruhusu milango ya chini, na bomba la ziada likaruhusiwa kuishia ndani ya choo chenyewe. Lengo lilikuwa kubana matumizi, mvuto mmoja usizidi lita 6. Kilichofuata ni kwamba vyoo vinavyovuja vimekuwa moja ya malalamiko makubwa ya watu wa maji wa huko. Kilichookolewa kwenye mvuto, sehemu yake inatoroka kwenye mpira.

Angalia choo chako. Vyoo vingi vinavyouzwa madukani kwetu leo ni vya kubonyeza, vyenye mpira chini, na bomba la ziada linaishia ndani ya sinki. Kinga zote mbili hazipo. Mpira ukichakaa, maji yanakwenda kwenye sinki. Boya likishindwa, maji yanaingia bomba la ziada na kwenda kwenye sinki hilohilo. Zamani choo kilijichongea chenyewe. Siku hizi kinaficha, na mlinzi aliyebaki ni wewe.

Sisi tulirithi choo bila mazoea yake

Kwetu Tanzania habari ya choo vijijini imekuwa habari ya shimo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilipita kwa redio na vikundi vya kusikiliza, na watu wakachimba vyoo kwa mikono yao. Muda si mrefu kabla ya hapo, mwaka 1971, serikali ilikuwa imeweka lengo la kumfikishia kila mwanakijiji maji safi ndani ya meta 400 ifikapo 1991. Lengo lile lilichelewa kuliko ilivyotarajiwa. Lakini sasa mabomba yanafika, na yakifika, mwenye gesti anaweka choo cha kuvuta, mwalimu anaweka, mwenye duka la pembejeo anaweka.

Choo cha shimo hakivuji maji ya bomba. Kopo halivuji usiku. Ndiyo maana hatujazoea kusikiliza tangi. Tunasikia maji yanatiririka chooni tunasema "ndivyo kilivyo." Sivyo kilivyo. Tangi zima likishajaa linapaswa kunyamaza kabisa.

Piga hesabu nami. Nyumbani kwangu lita 300 zilipotea kwa saa 10. Kwa saa 24 ni lita 720, sawa na ndoo 36 za lita 20. Kwa siku 30 ni lita 21,600, yaani uniti 21 na zaidi. Pale kituoni ndoo ilikuwa shilingi 50. Hizo ni shilingi 54,000 kwa mwezi, zinaingia shimoni.

Namna ya kukagua na kutengeneza

1. Soma mita usiku kila mtu akishalala, na asubuhi kabla ya mtu kugusa maji. Ikiwa imetembea, kuna mahali panavuja.

2. Fungua tangi. Kama maji yamefika mdomo wa bomba la ziada na yanaingia humo, kosa ni la boya. Kwa koki ndogo iliyo chini ya tangi, funga maji. Rekebisha skrubu ya boya au pinda mkono wake taratibu kuelekea chini, mpaka maji yakatike sentimita 2 au 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Yakiendelea kupanda, fungua koki ya boya uioshe. Maji ya kisima huleta mchanga. Tikisa boya: likiwa na maji ndani, badilisha.

3. Kama kiwango kipo sawa lakini bado kuna mtiririko, shaka ipo kwa mpira wa chini. Weka rangi ya chakula au chai nzito ndani ya tangi, usivute kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki, mpira umechoka.

4. Funga koki, vuta choo tangi liwe tupu, ung'oe mpira. Kwenye vile vya kubonyeza, chombo cha katikati hutoka kwa kukizungusha kidogo. Futa mpira na ukingo wake. Ukiona gamba jeupe la chumvi ya maji, lilowanishe kwa siki au ndimu ulisugue. Mpira ulionyauka au kupasuka usiubembeleze, nunua mwingine. Beba ule wa zamani dukani uulinganishe. Aina ni nyingi.

5. Angalia mnyororo kama upo. Ukiwa mfupi mno unauinua mpira. Ukiwa mrefu mno unaingia chini yake.

6. Usitupie vidonge vya klorini ndani ya tangi. Vinakomaza mpira mapema.

7. Ukisafiri, funga koki ya choo. Mwenye gesti, chumba kisicho na mgeni kifungie maji.

Kikao kilivyokwisha

Siku ya kikao nilimwomba mwenyekiti nafasi kabla kijana wa pampu hajasimamishwa. Nikasema: "Ndugu zangu, mwizi mmoja wa maji nimempata, yupo chooni kwangu." Watu walicheka, kisha wakanyamaza nilipowatajia lita 300. Kijijini tulikuwa na vyoo vya kuvuta vitano tu, vyote kwa watumishi na mwenye gesti. Kamati ilivizungukia vyote na chai nzito mkononi. Vitatu vilikuwa vinavuja. Ukiviweka pamoja, kwa usiku mmoja vilimeza karibu yote yaliyobaki kwenye tangi.

Mpira wangu niliununua kwa shilingi 4,000. Nilimwomba kijana radhi mbele ya wote, maana nami nilikuwa nimenyamaza wakati anasingiziwa. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba mama yake alikuwa ameacha kwenda kituoni kwa aibu. Wiki ile maji ya alfajiri yalirudi, na mama wa maandazi alipoanza kukanda unga mapema, moshi wa jiko lake ulinifikia kabla ya jogoo wa pili.

Ndugu msomaji, leo usiku kabla ya kulala, zima redio, ingia chooni usikilize. Kama tangi linaongea, kesho asubuhi lishughulikie kabla hujamshuku mtu. Tukutane makala ijayo, tutarudi shambani.